Skrubu ya shingo imegoma: gitaa la mjomba

Ukungu_wa_Uyole: Wakuu, wakubwa shikamooni. Mjomba kanipa gitaa la umeme alilokuwa akipigia solo kwenye bendi huko Iringa. Kibati cha nyuma kinasema ni la Japani, jina la kampuni limeshafutika. Limelala juu ya kabati miaka na miaka, na unyevu wa huku mnaujua. Jana usiku nimeanza kulifungua. Shingo imefungwa kwa skrubu 4. 3 zimetoka, ya nne imegoma na msalaba wake umeanza kulika. Halafu volyumu ukiizungusha inakwaruza kama redio inayotafuta stesheni. Jirani anasema skrubu nitoboe kwa drili. Nitoboe?

Bisibisi_Mwanjelwa: Marahaba. Usitoboe! Nyuzi umeshalegeza? Kama bado, acha hiyo skrubu ulegeze zote kwanza, maana shingo iliyobaki na skrubu moja huku nyuzi zimekaza inaweza kung'oka na mbao. Ukimaliza, washa chuma cha kuchomea risasi, ncha iguse kichwa cha skrubu kama dakika moja, uache kipoe. Skrubu hutanuka ikipata moto, ikipoa inasinyaa, kutu inaachia. Tafuta bisibisi inayojaa kwenye msalaba, uiegemee kwa uzito wako. Volyumu usinunue mpya: puliza dawa ya kusafishia kontakti ndani yake, izungushe huku na huku mara 20 au 30. Mtu asikwambie mafuta ya kupikia.

Rithimu_Makambako: Kabla hujachomoa waya hata mmoja, piga picha. Na pikapu (siyo ya kubebea viazi, ni kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) usiichokonoe. Waya wake wa shaba ni mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Mimi yangu niliibandua kwa bisibisi, ncha ikateleza, gitaa likawa bubu mpaka leo. Ipime kwa mita ya fundi umeme, upande wa omu (ukinzani wa umeme): ya koili moja mara nyingi husoma omu elfu 5 hadi 8. Isiposoma kitu, waya umekatika.

Ukungu_wa_Uyole: IMETOKA! Imelia "kwiii" kama mlango wa ghala. Pikapu zote mbili zinasoma, ya juu 5,900. Kwenye kishimo inapokaa shingo kulikuwa na kipande cha pakiti ya sigara kimekunjwa mara mbili, nimekitupa. Sasa nipige msasa?

Bisibisi_Mwanjelwa: Weka msasa chini, kakitafute! Hiyo siyo taka, kijana. Ndiyo inayoilaza shingo nyuma kidogo ili nyuzi zishuke, zisikuumize vidole. Uliona ilikaa upande gani?

Ukungu_wa_Uyole: Nimekipata kwenye ndoo ya mkaa, dada alishakiweka tayari kuwashia jiko. Upande sikuuangalia, ikabidi nimpigie mjomba. Kacheka mpaka akakohoa. Kasema: "Upande wa ndani, kule kwenye pikapu. Na usije ukaniwekea boksi la sabuni, ni nene."