Kuhamisha msumeno wa meza, na kutu je?

Muuliza: Wakuu, nahamishia karakana chumba cha nyuma. Msumeno wangu wa meza ni ule mzito wa chuma, na uso umeanza kutu. Nianzie wapi?

Fundi wa mbao: Chomoa waya kwenye umeme, toa diski ya meno. Fungua mabawa ya pembeni yanayopanua meza, na reli ya mwongozo (ule ukingo mbao inapoegemea ikikatwa). Usinyanyue msumeno kwa kushika vitu hivyo, vinapinda. Mota ikiwa inaning'inia nyuma, itoe kabisa. Ukishafika, rudisha diski, weka alama jino moja, pima kutoka mfereji wa mezani hadi jino hilo likiwa mbele, lizungushe lije nyuma, pima tena. Vipimo visipolingana, diski haiko sambamba na mfereji, na mbao inaweza kubanwa kati ya diski na mwongozo, ikakurukia kifuani. Hapa usiwe na haraka, nakusihi.

Muuliza: Asante mkuu. Na kutu?

Fundi wa mbao: Msasa laini na mafuta mepesi, futa mpaka pakauke, kisha paka nta. Silikoni hapana! Inahamia kwenye mbao na vanishi haishiki vizuri.

Mwanachama mwingine: Ukiuwekea magurudumu, yawe ya kufunga. Msumeno usitembee wakati unasukuma mbao.