MREJESHO: Deni la shemeji, sikumtaja msikitini

Assalaam alaykum. Mimi ni yule wa Tandahimba niliyeuliza kama nina haki ya kumtaja shemeji mbele ya watu baada ya swala ya Ijumaa. Nilimkopesha laki nne za kununulia salfa, dawa ya mikorosho, msimu wa korosho ukaisha, akawa ananikwepa.

Sikumtaja. Ila aliyenijibu kwa Qur'an, sura ya Baqara aya ya 280, kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate nafuu na kumsamehe ni heri zaidi, alinikera kweli. Nikasema moyoni, rahisi kusema, hela si yako.

Nikamwendea shemeji jioni. Mikorosho yake imepigwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, maua yamekaukia juu. Nikamuuliza, salfa ulipuliza lini? Kimya. Akatoka dada yangu, mkewe, ndani, amekonda. "Kaka, hela yako ndiyo iliyonitibu. Mimi ndiye niliyemkataza kukuambia."

Nilikaa kwenye mkeka pale mpaka adhana ya Magharibi, sina neno. Mwezi mzima nilikuwa namsema mtu kwa jirani na kwa wavuvi, na hiyo ni ghiba. Nimemwomba radhi, kwa waliosikia pia nimepita. Hilo lilikuwa gumu kuliko hela.

Laki mbili nimesamehe. Mbili zilizobaki tumeandika na mashahidi, kama aya ya 282 inavyoelekeza. Mliosema nisamehe zote, niwieni radhi, nina ada ya watoto. Atalipa baada ya minada ya korosho, inshallah.