MJADALA: Polisi wamebeba taji. Timu zinazoishi kwa pesa ya serikali zikae Ligi Kuu kwa masharti gani?

Mzee wa Afraha, Nakuru

Wadau, hamjambo. Msimu wa 2024/25 wa Ligi Kuu ya soka ya Kenya umekwisha na taji limekwenda kwa Kenya Police, mara yao ya kwanza kabisa. Gor Mahia, waliokuwa na mataji 21 hadi hapo, wamemaliza wa pili. Sikuja hapa kulia. Polisi walianza msimu vibaya, wakabadilisha kocha, akaja Mrundi Etienne Ndayiragije akawanyoosha, wakashinda. Haki yao.

Ila nina swali. Gor wakibeba taji, mtaa wa Kondele kule Kisumu haulali, hata mwenye kibanda cha samaki anauza mpaka alfajiri. Polisi walipobeba, ni mtaa gani ulikesha? Nitajieni mmoja tu.

Nauliza kama mtu wa Nakuru, maana sisi tumeumwa na nyoka huyu zaidi ya mara moja. Ligi ya taifa ilipoanza 1963, bingwa wa kwanza hakutoka Nairobi wala Mombasa. Alikuwa Nakuru AllStars. Vijana wa leo ukiwaambia hivyo wanadhani umekunywa. Baadaye, pale Naivasha, shamba la maua likajenga timu, Oserian, ikachukua ligi 2001 na 2002 mfululizo. Leo Oserian iko wapi? Kisha jeshi. Ulinzi Stars walikaa nasi hapa uwanja wa Afraha, wakatupa mataji ya 2003, 2004 na 2005, halafu la 2010. Tuliwaita "wetu". Nilikuwa napeleka mtoto wangu uwanjani akiwa juu ya mabega, anajua kikosi kizima kwa majina. Sasa Ulinzi wanacheza kwao Lang'ata, Nairobi, na mtoto yule ni shabiki wa Arsenal.

Hoja yangu ni hii. Sisemi timu za taasisi zifukuzwe. Nasema timu yoyote inayokula pesa ya umma, iwe Polisi, Ulinzi, Bandari au Posta Rangers, iandikiwe mji kwenye leseni yake ya klabu. Icheze hapo mechi zake zote za nyumbani, na isihame bila kuwauliza watu wa hapo. Mlipa kodi wa Nakuru anachangia mshahara wa wachezaji wale. Basi angalau aonyeshwe mpira.

Karibuni mnipinge.

Mama Mchezaji, Vihiga

Mzee, shikamoo, lakini hapo kwa "mtaa gani ulikesha" nimecheka kwa uchungu.

Mwanangu alicheza klabu ya jamii, siitaji, iko na mashabiki wa kutosha kujaza uwanja na barabara ya kwenda uwanjani. Miezi saba bila mshahara. Jumapili moja alifunga bao la ushindi, wakambeba mabegani kutoka uwanjani hadi stendi ya matatu, wakiimba jina lake. Jumatatu mwenye nyumba akapiga kufuli mlangoni. Akanipigia simu, "Mama, nitumie ya kodi." Nikauza kuku. Mabega ya mashabiki hayalipi kodi, mzee wangu.

Leo yuko timu ya taasisi. Mshahara unaingia tarehe inayojulikana. Ana bima. Goti likivunjika kesho ana kazi ya kurudia. Wewe unataka mtaa ukeshe, mimi nataka mtoto alale.

Isukuti, Kakamega

Mulembe wote. Mama amesema, lakini nirudi kwa hilo neno "pesa ya umma", kwa sababu mzee amelitumia kana kwamba ni la Nairobi pekee.

Kaunti zetu nazo zinatoa wapi? Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti shughuli za michezo na viwanja. Ndiyo maana huku magharibi serikali za kaunti zimeingia kwenye mpira: Homeboyz hapa kwetu wamesaidiwa na kaunti, Vihiga nao wamekuwa na timu yao, hata Kisumu All Stars. Zote hizo ni kodi. Tukianza kuwapangia Polisi masharti kwa sababu ya kodi, tusishangae tukikutwa na sisi mezani.

Na msidhani kodi ya kaunti haileti raha. 2021/22, hapa uwanja wa Bukhungu tuliuona ubingwa kwa macho. Homeboyz na Tusker, timu ya kampuni ya bia, walimaliza na pointi sawa. Sawa kabisa! Tusker wakachukua kwa tofauti ya mabao. Ule ndio msimu wa kamati ya muda iliyowekwa na serikali kuendesha soka, FIFA wameshaifungia nchi, hata klabu zetu hazikuruhusiwa kwenda mashindano ya Afrika. Lakini nakuhakikishia Kakamega ililia kama msiba wa mtu mzima. Huwezi kulilia timu isiyo yako.

Shida yetu ni nyingine. Timu ya kaunti inaishi kwa miaka mitano mitano. Uchaguzi ukikaribia, wachezaji wanasoma magazeti kuliko wanavyosoma mbinu za kocha.

Mkulima wa Miwa, Awendo

Mzee wa Afraha, hoja yako ni tamu lakini ina shimo, na mimi natoka ndani ya hilo shimo.

Unasema timu iandikiwe mji. SoNy Sugar ilikuwa na mji. Ilikuwa na kiwanja hapa hapa Awendo, kelele zake unazisikia ukiwa shambani. Ilikuwa na mashabiki wanaokuja na baiskeli kutoka vijiji vyote. Ilikuwa timu ya kiwanda, na kiwanda kilikuwa cha serikali, yaani hiyo hiyo pesa ya umma. Ikabeba Ligi Kuu 2006! Mji mdogo kama huu! Siku ile hata wazee wasiojua kona ni nini walicheza ngoma.

Sasa nikupeleke 2019. Kiwanda kinasuasua, mkulima hajalipwa miwa yake, na mchezaji naye hajalipwa. Timu ikashindwa kufika kwenye mechi tatu, wapinzani wakapewa ushindi wa chee, na sheria iko wazi: SoNy ikatupwa nje ya ligi katikati ya msimu. Bingwa wa 2006 aliondoka ligini kwa kukosa kufika, hata hakufungwa.

Piga hesabu. Ligi ya timu 18 ni mechi 34, na 17 ni za ugenini. Kutoka Awendo hadi Mombasa kucheza na Bandari ni kilomita mia nane hivi. Hiyo si safari ya siku moja. Ni basi, mafuta, malazi, chakula cha watu karibu thelathini. Mji tulikuwa nao. Nauli ndiyo iliyokosekana.

Na si sisi tu. Chemelil walishuka msimu huo huo. Nzoia, pale Bungoma, wakashuka 2024. Zamani ukanda wa sukari ulikuwa na ligi yake ndani ya ligi, ukienda Chemelil, ukirudi Awendo, ukipanda Mumias. Miwa ikikauka, mpira nao unakauka.

Askari Mstaafu, Nakuru

Nimesoma kimya mpaka nimeshindwa. Jirani yangu Mzee wa Afraha, unasema Ulinzi "wamehama" kana kwamba walitoroka usiku na godoro. Uwanja wa Afraha ulifungwa kwa ujenzi. Nani aliufunga? Jeshi? Mlitaka tuchezee wapi, kwenye barabara ya Kenyatta Avenue? Wakati huohuo jeshi limejenga uwanja wake Lang'ata, nyasi nzuri, vyumba vya kubadilishia nguo vina maji. Kamanda gani angeuacha ukae bure?

Halafu mnasahau jambo. Mchezaji wa Ulinzi ni mwanajeshi. Amekula kiapo. Hamjawahi kumsikia akigoma mazoezi kwa sababu ya marupurupu.

Nyar Kisumo, Kisumu

Omera, hapa ndipo nataka kuingia, na mtanisamehe mashabiki wenzangu wa Gor, watu wa kijani.

Mzee anataka mji kwenye leseni. Sawa. Tuanze na Gor. Gor ni ya wapi? Usiniambie Kisumu kwa sababu tu bendera ziko kwenye boda zote za Kondele. Gor ilizaliwa Nairobi 1968, ofisi zake Nairobi, mechi nyingi Nairobi. AFC Leopards vilevile, toka enzi za Abaluhya United. Hizi ni timu za watu waliokwenda mjini kutafuta kazi, Jumapili wakataka kusikia lugha ya nyumbani. Sisi tuliobaki nyumbani tunaziona mara chache kwa msimu. Uwanja wa Mamboleo umezinduliwa 2021, Madaraka Dei ikafanyiwa hapo, mzuri mpaka unaogopa kutema mate. Ungependa kujua ni wikendi ngapi kwa mwaka una mechi ya Ligi Kuu? Mimi nauza vinywaji karibu na hapo, nazijua kwa mfuko wangu.

Kwa hiyo "timu ya jamii" tuiangalie vizuri. Jamii iko, lakini jamii hailipi. Wafadhili SportPesa, kampuni ya kamari, waliondoka 2019 baada ya mvutano wa kodi, klabu zikabaki uchi. BetKing, nao wa kamari, wakaja 2020 na mkataba wa shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano, hawakumaliza hata wa pili. 2023 Gor, bingwa wa nchi, akanyimwa kibali cha kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kushindwa masharti ya leseni. Bingwa! Na sisi mashabiki siku ya mechi tulikuwa wapi? Ukutani, tunaruka ili tusilipe tiketi. Nimewaona. Mmoja wao ni shemeji yangu.

Tanzania wana JKT, wana Prisons, wana Mashujaa, timu za majeshi tele, na bado Simba na Yanga ndio wanaotawala. Kwa nini? Wana wanachama wenye kadi, wana matajiri waliotia mkono, na watu wanalipa kiingilio. Hawakuwafukuza wanajeshi. Waliwazidi.

Isukuti, Kakamega

Nyar Kisumo amepiga kati ya kipa na mlingoti. Ila Shabana je? Wamerudi 2023 baada ya miaka 17 nje, na Kisii inawafuata popote. Hao wana mji na wana watu.

Nyar Kisumo, Kisumu

Nawapenda Shabana. Tuongee tena siku mfadhili wao akiumwa na kichwa.

Mzee wa Afraha, Nakuru

Nimepigwa kila upande, nijibu kidogo kidogo.

Jirani Askari, kwa Afraha umenishinda. Ni kweli, kiwanja kilifungwa na sisi wenyewe watu wa Nakuru, na hatukuuliza timu itakwenda wapi wakati wa ujenzi. Tulifurahia picha za michoro. Ila hilo linaithibitisha hoja yangu: kama mji ungekuwa umeandikwa kwenye leseni, kaunti na jeshi wangelazimika kukaa meza moja kabla ya tingatinga la kwanza kuingia. Hakuna aliyelazimika, kila mmoja akaenda zake.

Isukuti, ndiyo, sharti liwaguse na kaunti. Sikusudii kuwapendelea.

Nyar Kisumo, Gor hawali pesa ya umma, kwa hiyo sharti langu haliwahusu. Wakae Nairobi, waimbe. Hayo ya ukuta malizaneni na shemeji.

Anayenisumbua ni Mkulima. Nimeifikiria SoNy usiku kucha. Nakubali, mji peke yake ni jina kwenye karatasi. Basi nabadilisha pendekezo: mistari miwili kwenye leseni. Wa kwanza, mji. Wa pili, nauli na malazi ya mechi zote 17 za ugenini ziwe zimewekwa benki kabla ya ratiba kutoka, na hela hiyo isiguswe kwa kazi nyingine, kiwanda kipate faida au kipate hasara. Asiyeweza aanzie ligi ya chini, mapema, kuliko kuaibika mwezi wa pili wa msimu.

Mkulima wa Miwa, Awendo

Hapo sasa tunaongea. Lakini timu zetu ndogo nyingi hazitafikisha. Ligi itabaki ya Polisi, Tusker na timu ya benki.

Mzee wa Afraha, Nakuru

Huenda kwa misimu miwili, mitatu. Lakini hata leo si ndiko inakoelekea, tena bila kanuni yoyote?

Askari Mstaafu, Nakuru

Mji kwenye leseni nakubali, kama uwanja utakuwa na nyasi. Nikiona mashimo ya Afraha ya zamani, nitawatetea waliohama.

Mama Mchezaji, Vihiga

Nimesoma yote. Mstari wa kwanza mji, wa pili nauli. Mshahara wa mtoto umeuweka mstari wa ngapi, mzee?

Mzee wa Afraha, Nakuru

Mama, umenikamata. Nilikuwa nimeusahau.