Ulinganisho: kubaki na Windows, kuhamia Linux au kununua Mac iliyotumika kwa kompyuta ya nyumbani (Kigoma)

Baba_Katubuka
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Kompyuta ya nyumbani kwangu hapa Katubuka inatumia Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kila ninapoiwasha inanikumbusha jambo hilo. Ninaona njia tatu: kununua mashine nyingine yenye Windows 11, kuweka Linux (mfumo endeshi huria na wa bure) kwenye mashine hii hii, au kuchukua Mac iliyotumika ambayo mdogo wangu ameiona Kariakoo, na anaweza kunitumia kwa treni. Ipi inaifaa familia zaidi?

Fundi_Mwanga
Kaka, mgonjwa haandikiwi dawa kwa kusema tu kwamba anaumwa. Hujatuambia kompyuta yako ina prosesa gani, RAM kiasi gani, na diski yake ni ya kuzunguka au ni SSD (ile ya kasi isiyo na kinachozunguka). Hujasema nani anaitumia na kwa kazi gani, bajeti yako ni shilingi ngapi, intaneti unaipata kwa njia ipi, wala kama una printa na ni ya aina gani. Na hiyo Mac ni ya Intel au ni ya M1 (chipu ya Apple yenyewe) na kuendelea? Bila majibu hayo kila mtu hapa atakutajia anachokipenda yeye.

Kanyenye_Tabora
Mimi sihitaji kusubiri majibu hayo. Weka Linux Mint, moja ya aina za Linux, na utulie. Ni ya bure kwa halali, inatosheka na RAM ya GB 4, na kila toleo lake kuu linahudumiwa kwa miaka 5. Kompyuta zetu nyingi huku Tabora zinaendeshwa na Windows isiyo na leseni, iliyowekwa pamoja na kiprogramu cha kuvunja kufuli, na watu hawajiulizi ni nani aliyekitengeneza kiprogramu hicho wala kinafanya nini kingine humo ndani. Halafu kuna virusi vya flashi vinavyoficha folda zako na kuacha vijalada vya njia ya mkato, ambavyo kila mwenye steshenari anavijua. Kwenye Linux vijalada vile haviendeshwi, na faili zilizofichwa unaziona na kuzinakili bila shida.

Mwalimu_Isevya
Namheshimu Ndugu Kanyenye, lakini naomba mwulizaji asikie na upande wa pili, kwa sababu jambo hili lilitugharimu.

Ninafundisha Fizikia. Shuleni kwetu mtaalamu mmoja alitushawishi tuhamishe kompyuta za ofisi ya walimu kwenda Linux, na kwa kasi sikuona kasoro yoyote. Ulipofika wakati wa kuandaa mtihani wa pamoja na shule jirani, niliandika sehemu yangu kwa LibreOffice, programu huria inayofanya kazi za Word na Excel, nikaihifadhi kwa muundo wa Word kama tulivyokubaliana, nikaituma kwa wenzangu ambao wote walikuwa wakitumia Word. Mchoro wa sakiti ulihamia ukurasa unaofuata, herufi za kuonyesha sehemu za mchoro zikaachana na mishale yake, na namba za maswali zikaanza upya katikati. Mwenzangu aliyepokea alirekebisha alichokiona, akanirudishia, nami nilipoifungua ikawa imevurugika kwa namna nyingine. Tulizungushana hivyo hadi usiku, kila mmoja akiamini kwamba nakala aliyonayo ndiyo sahihi. Asubuhi mashine ya kurudufu ilikuwa imekwisha kutoa karatasi za shule zote, wanafunzi wakiwa wamekaa, ndipo msimamizi akagundua kwamba swali la sakiti halina mchoro kabisa. Tuliuchora ubaoni katika kila chumba, na shule mbili za mbali hazikupata taarifa kwa wakati. Wanafunzi wale walipoteza alama ambazo hawakustahili kuzipoteza, na bado linaniuma.

Kwa hiyo, Baba Katubuka, kama nyumbani kwako kuna mtu anayeandika nyaraka za kubadilishana na wenye Word, jiulize mara mbili.

Kanyenye_Tabora
Pole sana, Mwalimu. Sehemu kubwa ya mvurugiko huo huletwa na fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, hazimo ndani ya Linux, na programu isipozipata huweka nyingine yenye upana tofauti, mistari ikasogea na kurasa zikaongezeka. Fonti za Carlito na Caladea zimetengenezwa kwa vipimo vilevile, na Liberation Serif inachukua nafasi ya Times New Roman bila kusogeza kitu. Tena nyaraka ya kwenda kuchapwa hupelekwa kwa PDF, si kwa muundo unaobadilika.

Mwalimu_Isevya
Ndugu yangu, PDF ni ya hatua ya mwisho. Mtihani hupitia mikononi mwa walimu kadhaa, na kila mmoja anapaswa kuurekebisha. Na mchoro uliojengwa kwa vipande ndani ya Word hauponywi na fonti.

Baba_Katubuka
Asanteni. Najibu maswali ya Fundi. Ni Dell OptiPlex ya mezani, imeandikwa i5-6500, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na huandaa maandalio ya somo na mitihani. Watoto wawili wa sekondari wanaisomea. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha VICOBA, na vitabu vyote viko kwenye Excel. Bajeti haizidi laki sita. Intaneti ni ya bando la simu. Printa ipo, ndogo, ya wino mweusi.

Fundi_Mwanga
Sasa tunaweza kuzungumza. Namba i5-6500 maana yake ni kizazi cha 6 cha Intel, na Windows 11, ukiacha prosesa chache, inaanzia kizazi cha 8, pamoja na sharti la TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kwa hiyo mashine yako haimo kwenye orodha rasmi. Lakini usikimbilie kuitupa. Kinachokuchosha sasa hivi si mfumo endeshi, ni ile diski ya kuzunguka. Weka SSD ya GB 240 au 256, ongeza RAM ifike GB 8, na hutaamini kuwa ni mashine ileile, uwe umechagua Windows au Linux.

Kuhusu usalama, Microsoft inatoa masasisho ya ziada kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji Windows 10 iliyofikia toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft, kisha unajiandikisha kwenye mipangilio. Unaweza kulipa dola 30, au ukakubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo bila malipo. Utapata muda wa kufikiri bila presha.

Mgebuka_Kibirizi
Kwa nini mnamzungusha? Kuna programu inaitwa Rufus, inaandaa flashi ya Windows 11 na kuondoa masharti ya TPM na prosesa. Mashine ya aina hiyo iko hapa kwangu na inafanya kazi.

Fundi_Mwanga
Inafanya kazi, sikatai. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho, na mtu anayehama kwa kuogopa kukosa masasisho hawezi kupelekwa mahali ambako masasisho hayana uhakika. Tena faili la Windows 11 linazidi GB 5, wakati la Mint ni karibu GB 3. Kwa anayetumia bando la simu tofauti hiyo ni fedha.

Mama_Gungu
Mbona Mac imesahaulika? Ninahariri video za harusi kwa MacBook Air ya M1 hapa Gungu. Haina feni, kwa hiyo vumbi letu la kiangazi halivutwi ndani, na Apple wenyewe wanaitaja betri yake kuwa ya saa 15 za kuperuzi intaneti. Mliokuwepo Kigoma ya majenereta ya dizeli, kabla hatujaunganishwa na gridi ya Taifa, mnajua thamani ya betri, na hata sasa umeme unakatika. Kompyuta ya mezani bila UPS (kifaa chenye betri ya akiba) inazimika na kazi yako.

Fundi_Mwanga
Dada, kwa kazi yako umechagua vizuri. Ila kwa laki sita atauziwa Mac ya Intel, na Apple imekwisha kutangaza kwamba macOS 26, yaani Tahoe, ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, tena kwa chache tu kati yake. Atakuwa amehama kutoka kwenye mfumo uliofika mwisho na kuingia katika mwingine unaoishia. Na Mac za M1 RAM na hifadhi yake zimeunganishwa kwenye ubao wenyewe. Zikiharibika, fundi wa kawaida hapa Mwanga hana la kufanya. Kuhusu UPS nakubaliana nawe kabisa. Vitabu vya VICOBA havipaswi kukaa kwenye mashine inayozimika ghafla, na nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje, mfumo uwe wowote.

Mgebuka_Kibirizi
Nauliza jingine. Watoto wetu wanaweza kuipata Linux kwa Kiswahili? Ingewasaidia kuielewa kompyuta badala ya kukariri vitufe.

Kanyenye_Tabora
Kazi hiyo ilianza zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. LibreOffice ya leo ilitokana na OpenOffice hiyo mwaka 2010. Ninatamani vijana wenye ari waendeleze tafsiri hizo, kwa kuwa kwenye programu huria hakuna anayekuzuia.

Nikirudi kwa mwulizaji: si lazima afute chochote. Aiweke Mint kwenye flashi ya GB 8, aiwashe kutoka humo, aijaribu pamoja na familia bila kugusa diski. Akiipenda, aweke mifumo miwili pamoja, na azime kwanza kile kipengele cha kuwasha haraka kwenye Windows, la sivyo Linux itaziona faili zake lakini haitaweza kuziandikia. Mint pia humwuliza mwenyewe kabla ya kupakua masasisho, kwa hiyo bando halimaliziki bila yeye kujua.

Mwalimu_Isevya
Jaribio la flashi naliunga mkono, kwa sharti kwamba mke wake ndiye akae mbele ya kompyuta, afungue mtihani wake halisi wenye michoro na majedwali, auchape, kisha aufungue tena kwa Word. Anayeandaa mitihani ndiye mwenye kazi nzito zaidi ndani ya nyumba hiyo, na hatujamsikia. Excel ya VICOBA nayo ijaribiwe, hasa kama ina makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili).

Fundi_Mwanga
Na aina ya printa bado hatujaambiwa. Printa ndogo za wino mweusi nyingine zinakubali Linux papo hapo, nyingine hazina kabisa programu yake, na hilo peke yake linaweza kuamua. Andika jina na namba iliyobandikwa nyuma.

Baba_Katubuka
Printa ipo Ujiji kwa shemeji yangu, ameiazima, nitakwenda kuisoma namba yake. Nimeongea na mke wangu: amekubali SSD na RAM zinunuliwe, ila hataki Word iguswe kabla mitihani ya muhula haijakwisha. Mtoto mkubwa yeye anataka Mint leo. Ndugu Kanyenye, kuna mtu hapa Kigoma mwenye faili hilo la GB 3 aninakilie kwenye flashi, niepuke kutumia bando?

Mgebuka_Kibirizi
Ninalo, toleo la Xfce ambalo ni jepesi zaidi. Njoo na flashi yako Kibirizi, lakini pita kwanza kwa Fundi aisafishe virusi.