Mikono inayotetemeka: fremu ya mezani, kudarizi mkononi au kuhamia kroshia?

MshonoMdogo: Wadau, tulinganishe. Mtu anadarizi mishono ya msalaba kwenye kitambaa cha matundu 14 kwa inchi, na mikono imeanza kutetemeka, hasa sindano inapokaribia tundu. Kuacha hataki. Aanze na fremu ya kusimama, vizito vya mkononi, kitambaa chenye matundu makubwa, au ahamie kazi nyingine?

Jiliwa: Fremu kwanza. Ukishika mkononi duara (fremu ya mviringo ya kukazia kitambaa), sindano inatetemeka na kitambaa nacho kinatetemeka. Ifunge kwenye ukingo wa meza kwa jiliwa, iinamie upande wako kidogo, na vigasha vyote viwili vipate pa kulala, mezani au juu ya mto mgumu. Viwiko visining'inie. Mkono mmoja ukae juu na mwingine chini muda wote. Kitambaa kikaze mpaka ukikigonga kilie. Kikilegea, ncha inakisukuma badala ya kuzama, mkono unakazana, na mkono unaokazana hutetemeka zaidi.

Sindano24: Naafiki, ila kwenye fremu kila msalaba unakudai kulenga mara nne: kupanda mara mbili, kushuka mara mbili. Ukidarizi mkononi bila duara, sindano huingia na kutoka kwa mpigo mmoja, kwa hiyo mivuto ya uzi inapungua nusu. Kwa mtetemo mdogo, njia hiyo inafaa kabisa, mradi vidole vya mkono wa pili vikandamize kitambaa mezani. Mtetemo mkubwa, rudi kwenye fremu.

Na tundu lisilengwe moja kwa moja. Chukua sindano butu namba 24, gusisha ncha kwenye kitambaa kando kidogo ya tundu, kisha iburute polepole hadi idumbukie yenyewe. Msuguano ndio unaoituliza. Sindano kali itapasua uzi wa kitambaa na kujifungulia njia yake.

Kitakia: Mnasahau kutunga uzi, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Usipeleke uzi kwenye sindano. Ubane kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kichwa chake kionekane milimita moja tu, kisha shusha tundu la sindano juu yake. Sindano zenye mwanya wa pembeni hutungika haraka lakini hukwaruza uzi, hivyo uzi mrefu utachakaa kabla haujaisha. Bora tunga sindano nane au kumi kwa mkupuo saa ambayo mikono imetulia, uzi wa sentimita 45 kila moja, uzichomeke kwenye kitakia.

Mraba: Kuhusu kitambaa, kutoka 14 kwenda 11, mraba unakua kutoka milimita 1.8 hadi 2.3. Inaonekana kidogo, lakini vidole vinaijua tofauti. Sindano inakuwa namba 22, na nyuzi zinatoka 2 hadi 3. Kwa nyuzi 3 huwezi kuanza kwa kitanzi, yaani uzi uliokunjwa katikati, maana kitanzi hutaka idadi shufwa. Ushikize mwanzo wa uzi chini ya mishono, upande wa nyuma. Piga hesabu kabla ya kukata: mchoro wa miraba 140 uliokuwa sentimita 25.4 unakuwa 32.3.

Kitambaa cha nyuzi 28 kwa inchi kinachodariziwa kwa kuruka nyuzi mbili kikwepe. Mraba wake unalingana na wa 14, lakini katikati yake kuna tundu lisilohitajika, na mkono unaotetemeka utaliangukia.

FundiKroshia: Kuhamia kroshia ni sawa kwa ndoano ya milimita 4 yenye mpini mnene. Kitanzi kinavumilia kukosea, na ukikosea unavuta tu uzi unafumuka. Ndoano ya chuma ya milimita 1 kwa uzi wa lesi haikupunguzii chochote. Kwa shanga, toka namba 11 (kama milimita 2) uende namba 6 (kama milimita 4), na uzimwage juu ya kitambaa chenye manyoya, si bakulini.

Jiliwa: Vizito vimebaki. Vinamtuliza mmoja na kumchosha mwingine. Jaribu vyepesi kwa dakika 15, na bega likianza kuchoka, vua, kwa sababu uchovu huzidisha mtetemo.

Halafu mitetemo haifanani. Ule wa ugonjwa wa Parkinson kwa kawaida huonekana zaidi mkono ukiwa umepumzika, kwa hiyo sindano ikianza kwenda unaweza kupungua. Huu aliouelezea MshonoMdogo huzidi mkono ukiwa kazini. Kahawa huuchochea, na dawa ya pumu ya salbutamol inaweza kutetemesha mikono pia. Dawa asiikatize mwenyewe. Amweleze daktari kwamba tatizo linatokea akishika sindano, na aende na kipande cha kazi yake akionyeshe.