Ekskaveta ya saa 4,900 yenye rangi mpya, ya saa 9,400 yenye kitabu cha sevisi, au ya mnada: ipi nichukue?

Msingi_Imara
Wakuu, poleni na kazi. Natafuta ekskaveta ya cheni ya tani 20. Kazi yake kubwa ni mitaro ya mabomba na misingi ya majengo, mwamba ni mara chache. Nimechuja nikabakiwa na hizi:

A. Mita inasoma saa 4,900. Rangi mpya inang'aa, cheni inaonekana nzima, kiti kipya. Anayeuza ni dalali. Kitabu cha sevisi hana, anasema kilipotea.

B. Saa 9,400. Rangi imepauka, ndoo imechomelewa viraka, cheni imelika. Mwenye nayo ni mkandarasi aliyeinunua ikiwa mpya, ana kitabu cha sevisi na majibu ya maabara ya oili.

C. Iko kwenye mnada nchi nyingine. Saa 3,200, ni ya juzi kuliko zote. Nina picha tu, kwenda kuiona siwezi.

A na B bei zinakaribiana, C imezidi kidogo kabla ya usafiri. Moyo unanivuta kwa A. Nikifika niangalie nini?

Opereta_Mstaafu
Huo moyo uambie utulie kwanza. Saa za kwenye mita ni maneno ya muuzaji mpaka mashine yenyewe iyathibitishe. Mimi nikipanda ekskaveta, kabla sijagusa ufunguo natazama pedali za kutembelea. Mpira wake haufutiki mistari yote kwa saa 4,900. Tazama na vishikio vya levya pale kidole gumba kinapokaa, bawaba za mlango, na kingo ya ngazi ambayo buti huikanyaga kila siku. Kiti hubadilishwa, mita hubadilishwa, lakini sijaona dalali anayekumbuka kubadilisha bawaba ya mlango.

Halafu piga hesabu ya miaka. Mashine yenye kazi ya kudumu hukusanya kama saa 2,000 kwa mwaka. Kama A ina miaka kumi, basi robo tatu ya muda huo ililala. Inawezekana, ila akwambie ililala wapi na kwa nini.

FundiHaidroli
Nakubaliana na mzee hapo juu, niongeze ya upande wangu.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja kwenye injini. Kama ni ya moto, mtu ameipasha ili usione inavyoamka asubuhi. Ikiwa baridi, fungua kwanza rejeta uangalie kama kuna utando wa oili juu ya maji, ndipo uwashe. Moshi mweupe unaopotea baada ya dakika chache si neno, ila ukiendelea hata injini ikishapata moto, maji au dizeli isiyoungua vinapita. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi mzito mashine ikibeba mzigo, anza na chujio la hewa, halafu nozeli na turbo. Ikishapata moto, ifungue kifuniko cha oili ikiwa sailensa (injini inanguruma bila kazi): mvuke kidogo ni kawaida, lakini ikipuliza kwa nguvu kama birika, ringi za pistoni zimechoka.

Haidroliki usiipime ikiwa baridi, maana oili nzito huficha mivujo ya ndani. Ifanyishe kazi mpaka oili ipate joto, kisha nyoosha bumu (mkono mkubwa unaoanzia kwenye mashine) na mkono wa ndoo, ndoo ikiwa na udongo, zima injini. Weka alama ya chaki kwenye fito za silinda usubiri dakika kumi. Zote hushuka kidogo. Ikishuka unaiona kwa macho, ama ni sili za silinda (mipira inayozuia oili isipite) ama ni vali kuu (inayogawa oili kwa miendo yote). Sili ni kazi ya siku moja, vali kuu ni mazungumzo mengine.

Nenda mita hamsini mbele na nyuma kwenye ardhi tambarare bila kurekebisha levya. Ikivuta upande mmoja usikimbilie kulaumu mota ya kutembelea. Mashine nyingi za saizi hii zina pampu kuu mbili, na pampu moja ikichoka utaona pia baadhi ya miendo mingine inazubaa. Mota ikiwa ndiyo tatizo, miendo mingine itabaki na nguvu zake.

La mwisho ambalo wengi huliruka: beringi ya mzunguko, ile iliyobeba nyumba yote ya juu. Weka ndoo chini, isukume ardhi mpaka mbele ya mashine inyanyuke kidogo, kisha ishushe, huku mwenzako akitazama nafasi kati ya sehemu ya juu na chasi. Nafasi ikifumba na kufumbua waziwazi, fuatilia kwa geji na vipimo vya mtengenezaji. Chota na grisi ya humo uisugue kati ya vidole juani. Ikimetameta vipande vya chuma, hiyo beringi inakuaga, na kuibadilisha ni kunyanyua nusu ya mashine kwa kreni.

Kokoto_Dada
Kaka Msingi, nina mashine za aina hii tatu saiti, na hapa nitatofautiana kidogo na mafundi. Wao wanaangalia kilichoharibika, mimi naangalia kinachojulikana. B cheni imelika: vizuri, unaiona, unaipima, unaikata kwenye bei. Kwa mashine ya cheni, sehemu ya chini inaweza kumeza karibu nusu ya gharama zote za matengenezo, kwa hiyo usiikadirie kwa macho. Mashine nyingi za tani 20 zina cheni ya pichi (umbali wa pini hadi pini) ya milimita 190. Vuta cheni ikaze, pima kutoka pini hadi pini kwa pingili nne. Mpya itatoa milimita 760, na kila milimita inayozidi hapo ni pini na bushi zilizolika. Linganisha na jedwali la mtengenezaji, litakupa asilimia iliyobaki. Tazama na meno ya sproketi, gurudumu linalozungusha cheni: yakichongoka kama ncha za misumari, kubadilisha cheni peke yake ni kuitupa, sproketi itaila mpya.

Na kwa A, "cheni inaonekana nzima" si kipimo. Cheni iliyopigwa rangi inaonekana nzima hata ikiwa imebakiza mwezi mmoja.

C mimi ningeifuta, wala si kwa sababu ya picha. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani na Ulaya kuanzia kama 2014 nyingi huja na mifumo ya kusafisha moshi: chujio la masizi, maji ya urea, au vyote viwili. Zinataka dizeli yenye salfa chache sana, Marekani kiwango ni sehemu 15 kwa milioni. Ukiilisha dizeli ya salfa nyingi, chujio litaziba na kompyuta itaikata nguvu mashine katikati ya mtaro. Kama C ni ya huko na dizeli unayonunua si ya aina hiyo, saa 3,200 hazitakusaidia kitu.

Nondo12
Na zile zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, kabla hujaagiza hakikisha wakala wa spea anaitambua namba yake. Modeli jina moja, vipuri tofauti, na skrini yote Kijapani.

Chuma_Baridi
Mnahangaika bure. Kachukue sampuli ya oili, peleka maabara, majibu yatasema yote. Chuma, shaba, silikoni, mchezo umeisha.

FundiHaidroli
Chuma_Baridi, sampuli ni nzuri sana, siibishi. Silikoni ikipanda na chuma ikapanda nayo, vumbi limepita kwenye chujio la hewa likasaga silinda. Sodiamu au potasiamu huashiria maji ya rejeta. Lakini hiyo ni kwa oili iliyofanya kazi saa za kutosha. Dalali wa A akimwaga oili jana jioni, maabara itakusifia oili mpya. Thamani ya B ni kwamba ana majibu ya miaka kadhaa, unaona mstari unavyopanda au kutulia. Kwa A, bora uombe kufungua chujio la zamani la oili na lile la kurudisha oili ya haidroliki, uyakate uone karatasi imebeba nini. Hilo dalali hulisahau.

Chuma_Baridi
Sawa, hapo kwenye oili mpya umenishika. Ila maabara bado ningepeleka ya gia za fainali (zile za mwisho zinazozungusha cheni), hizo hakuna anayezimwaga ili kuuza.

FundiHaidroli
Hapo tuko pamoja kabisa.

Opereta_Mstaafu
Nimesahau jambo. Mashine za kisasa kompyuta ya injini hutunza saa zake yenyewe, saa za kusimama sailensa, na jumla ya lita za dizeli. Tafuta fundi mwenye kompyuta ya kuchomeka. Gawa lita kwa saa: mashine ya tani 20 yenye wastani wa lita 8 ilikuwa ikisinzia sana, ya lita 17 au 18 ilikuwa ikipigana na mawe. Saa 9,400 zenye usingizi mwingi zinaweza kuwa nyepesi kuliko 4,900 za kuvunja mwamba. Kompyuta na mita vikitofautiana usiruke kusema ni wizi, injini ikibadilishwa kompyuta huweza kuja na historia yake. Hapo sasa ndipo karatasi za sevisi zinapohitajika.

Msingi_Imara
Wakuu nimetoka kuziona zote mbili, nilikwenda na fundi.

A: injini tuliikuta ya moto, dalali akasema alikuwa anaihamisha. Rangi imepita juu ya hosi, juu ya chuchu za kupigia grisi, hadi kwenye kingo za kibandiko cha tahadhari. Fundi alikunja hosi moja ya bumu, rangi ikabanduka vipande, chini yake mpira una nyufa. Ubavuni mwa bumu kuna ncha mbili za bomba zimezibwa na kupakwa rangi, fundi akasema hapo ndipo ilipofungwa nyundo ya kuvunjia mawe. Dalali alikuwa ameniambia mashine ilikuwa bustanini. Chini ya mguu wa bumu kuna mshono wa kuchomelea uliosagwa ukalainishwa. Tulipotaka kuchomeka kompyuta, akasema mwenye mashine hajaruhusu.

B: iliamka baridi, moshi mweupe ukapotea haraka. Cheni ilipimwa, kwa jedwali imebakiza kama asilimia 30. Pini ya ndoo inacheza, unaona mwanya ukiinyanyua taratibu kutoka chini. Kompyuta imekubaliana na mita, na karibu theluthi ya saa ni za sailensa. Ila silinda ya bumu imeshuka ndani ya zile dakika kumi, kama upana wa vidole viwili. Mwenyewe hakubisha, amesema hata opereta wake ameshalalamika. Hiyo ni sili au vali?

Kokoto_Dada
A wamekupa majibu bila kompyuta. Bomba za nyundo zilizofichwa na mshono uliosagwa, hapo hata wakipunguza nusu mimi siendi.

FundiHaidroli
Hapo sitakwambia kwa maandishi. Rudia kipimo oili ikiwa moto, kisha fundi atenganishe hosi na silinda kwa utaratibu wa kitabu, bumu ikiwa imekalishwa chini na presha imetolewa, nasisitiza, presha imetolewa na hakuna mtu chini yake. Oili ikipenya upande wa pili wa pistoni, ni sili. Kama silinda iko kavu, ni vali.

Zungumza bei ya B ukichukulia ni vali, na ongeza cheni, pini na bushi za ndoo. Ikija kuwa sili, imekuwa faida yako. Namba ya chasi ya B nayo ilinganishe kwenye kibati, kwenye chasi palipogongwa na kwenye karatasi, herufi na tarakimu zote zifanane, na uliza kama haijawekwa dhamana ya mkopo. Mkandarasi anayeuza mashine mara nyingi ana deni mahali.

Msingi_Imara
Deni lipo kweli, nimemuuliza sasa hivi kwa simu. Amesema benki itatoa barua siku ya malipo. Basi malipo yatapitia benki moja kwa moja, na kabla ya hapo fundi anarudi na silinda.