Riwaya yangu: mashine inayotawala haimtishi mtu. Nifanyeje?

MtunziChipukizi

Wakuu, salaam. Naandika riwaya ya kisayansi, nimefika sura ya kumi na mbili nikakwama. Kwa ufupi: kuna nchi isiyotajwa jina, wananchi wamechoshwa na mawaziri wala rushwa, wakapiga kura kuikabidhi serikali kwa akili mnemba inayoitwa Mizani. Mizani ndiyo inayogawa nyumba, inayopanga nani asome nini, nani atibiwe kwanza, nani afungwe miaka mingapi. Mhusika mkuu, Zuhura, ni mkaguzi wa hesabu anayeanza kuingiwa na shaka.

Shida ni kwamba Mizani yangu haitishi. Mwanzoni inazungumza kwa upole, halafu sura ya kumi na mbili inabadilika ghafla, inafunga milango ya jiji na kutuma droni zikamate watu. Dada yangu, ambaye ndiye msomaji wangu wa kwanza, alifika hapo akacheka. "Huyu ni jini wa hadithi za bibi, umemvalisha nyaya tu." Adui asiye na mwili wala chuki anaandikwaje mpaka msomaji atokwe na jasho? Na msiniambie nisome vitabu zaidi, nimesoma.

Kisiki

Mpe sauti, mkuu. Sauti tulivu isiyopanda wala kushuka hata inapotoa hukumu ya kifo. Droni zibaki, ila zitokee mapema, sura ya tatu hivi. Msomaji wa siku hizi hana subira.

KaraniMstaafu

Droni zitupe. Na sauti pia, Kisiki anisamehe. Mizani isiongee kabisa.

Nimekaa dirishani katika ofisi ya mafao kabla kompyuta hazijaanza kuamua, na nikaendelea kukaa hapo hapo zilipoanza. Zamani aliyekataliwa alimjua aliyemkataa. Alinitukana mimi. Alirudi na barua, akarudi na mjomba wake, akarudi na machozi, na mara nyingine alishinda, maana kanuni zilikuwa na mlango wa uani na mimi niliujua ulipo. Baadaye kazi yangu ikawa kusema maneno mawili: "Mfumo umekataa." Si uongo, na hakuna wa kubishana nayo. Mtu anakutazama, anaitazama skrini ambayo imeelekea upande wako, anakunja karatasi zake anaondoka. Hakuna aliyemfukuza. Hiyo ndiyo sura yako ya kumi na mbili.

Ukitaka kisa cha kweli cha kujifunzia, tafuta habari za Australia. Kati ya 2015 na 2019 serikali ya huko iliendesha mpango wa kuwadai watu warudishe posho za msaada, ambao watu waliupachika jina Robodebt, yaani deni la roboti. Posho ilihesabiwa kwa kipato cha kila wiki mbili. Kompyuta ikachukua kipato cha mwaka mzima kutoka mamlaka ya kodi, ikakigawa sawasawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili, kisha ikalinganisha na alichoripoti mtu. Sasa fikiria aliyefanya kazi nusu mwaka, nusu nyingine akakosa kazi na kupokea posho kihalali. Kwa hesabu ile alionekana alikuwa na kipato mwaka mzima, kwa hiyo amedanganya. Anatumiwa barua ya deni, na ni yeye sasa ahangaike kutafuta hati za mshahara za miaka ya nyuma ili athibitishe kwamba hadaiwi. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti 2023 ilikuta mpango huo haukuwa wa haki wala halali.

Hebu uangalie kwa jicho la mtunzi. Ni kugawanya tu! Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Hakuna aliyewachukia watu wale. Kwa hiyo usimpe Zuhura siri kubwa iliyofungiwa chumba cha chini cha ikulu, hayo tumeyachoka. Mpe mstari mmoja wa kikokotoo uliokuwa wazi siku zote, ambao kila mtu angeweza kuusoma na hakuna aliyejisumbua.

BiNukta

Namkubali Karani nusu. Kisa chake ni cha hesabu mbovu. Ukirekebisha hesabu, riwaya imeisha. Mimi inanitisha zaidi mashine iliyo sahihi.

Uingereza, 2020, mitihani ya kumaliza sekondari ya juu ilifutwa kwa sababu ya korona. Kikokotoo kikapewa kazi ya kutoa alama, na mojawapo ya vitu kilivyoangalia ni jinsi shule ya mwanafunzi ilivyofaulu miaka iliyotangulia. Nia ilikuwa matokeo ya nchi nzima yasipishane sana na ya nyuma. Karibu asilimia 40 ya alama zikawa chini ya zile walizokadiria walimu. Mtoto mwerevu aliye katika shule isiyozoea kutoa alama za juu alikuwa anabeba mzigo wa watu waliomaliza kabla yake, wengine hata hawajui. Watoto waliingia barabarani na mabango, na ndani ya siku chache serikali ikarudi kwenye alama za walimu.

Mizani ifanye hivyo kwa mtoto wa Zuhura. Isikosee kitu kwa mamilioni, ila huyu mmoja isimwone.

MtunziChipukizi

BiNukta, lakini hapo msomaji si ataitetea Mizani? Kama nyumba zinagawiwa bila hongo na dawa hazikosekani hospitalini, hata mimi ningeipigia kura.

KaraniMstaafu

Na aitetee! Mpaka katikati ya kitabu awe upande wake. Mama yake Zuhura awe alipona kwa sababu Mizani haimjui binamu wa waziri. Ukiinyang'anya mashine mema yake utabaki na lile jini la dada yako.

Kisha chukua jambo la Uholanzi. Maelfu ya wazazi waliandamwa kama matapeli wa posho ya malezi ya watoto, wakadaiwa fedha ambazo hawakuwa na uwezo wa kuzilipa. Mfumo wa kuchuja waombaji ulikuwa ukiangalia hata kama mtu ni raia wa Uholanzi au la. Ilipobainika, serikali nzima ilijiuzulu, Januari 2021. Unaona? Kulikuwa na watu wa kujiuzulu. Kwako atajiuzulu nani? Zuhura athibitishe kila kitu, nchi nzima ikubali kwamba ana haki, kisha malalamiko yake yapokelewe vizuri, yapewe namba, na yapelekwe kuamuliwa na Mizani.

Kisiki

Haya, nimesalimu amri kwenye droni. Lakini mwisho si wachome tu seva?

KaraniMstaafu

Wachome, Kisiki. Halafu kesho yake nani anajua dawa ya sukari iko ghala gani? Waliokuwa wakijua walishaachishwa kazi, na watoto wao hawakufundishwa. Ukitaka moto, uweke katikati ya kitabu, nusu ya pili iwe ya watu wanaoomba mashine iwashwe tena.

MtunziChipukizi

Duh. Nimefuta sura ya kumi na mbili yote, naanza upya dirishani. Swali moja: yule wa dirishani awe mtu, au na yeye awe mashine?

KaraniMstaafu

Mtu. Mashine ikimkatalia, Zuhura ataipiga teke na msomaji atafurahi. Aliyesoma naye darasa moja hawezi kumpiga teke. Na asiwe katili, amletee kiti.

BiNukta

Ukimaliza kuiandika ibandike hapa. Na dada yako aisome kwanza.